Uzi: Madaftari mawili, binamu wawili. Skuli ya binafsi ina kitu gani?

#1 MamaWaFuoni
Assalam aleikum. Leo nataka tuzungumze bila kuvunjiana heshima.

Wiki iliyopita alikuja wifi yangu kunitembelea na mwanawe wa miaka tisa. Wangu pia ana tisa. Wote darasa la tatu. Wangu yuko skuli ya binafsi hapa hapa Fuoni, Unguja, wake yuko ya serikali. Baada ya maghribi wakatandaza madaftari juu ya mkeka wadurusu. Mie nikayachukua yote mawili ya hesabu nikayaweka sambamba.

La wangu: kila ukurasa una tarehe, kila hesabu ina vema au kosa, chini saini ya mwalimu na pahala pa mzazi kutia yake. La binamu yake: hati nzuri kuliko ya wangu, wallahi, mtoto anaandika kama chapa. Lakini kalamu nyekundu ya mwisho ni ya wiki tano nyuma. Baada ya hapo kuna kurasa kumi na moja za kujumlisha. 47 na 38, kaandika 75. 56 na 29, kaandika 75. Ile moja ya kubeba kaiacha njiani kila mara, kurasa kumi na moja, kosa lile lile, na hakuna mtu aliyemwambia.

Watu husema skuli ya binafsi ni Kiingereza, ni gari ya skuli, ni sare ya kupendeza. Mie nasema ni kalamu nyekundu basi. Nalipa laki tatu na nusu kila muhula kununua wino. Nipingeni.

#2 Boflo
Wino huo ghali kuliko wa uchaguzi. Unafutika?

#3 Shokishoki
Wino si kitu dada yangu, ni lugha. Mtoto wa serikali anasoma kwa Kiswahili, akifika madarasa ya juu anaanza kutiliwa Kiingereza kwenye hesabu na sayansi, akiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yamegeuka. Mdogo wangu alikuwa wa pili darasani hadi anamaliza msingi. Kidato cha kwanza akawa anakariri maelezo ya biolojia kama anavyokariri tajwid, neno kwa neno, maana hajui. Wangu walianza Kiingereza wana miaka minne. Hawatokutana na ukuta huo.

Hasara yake nayo ipo, nisifiche. Juzi wa mwisho alikwenda kwa bibi yake Donge. Kiu imemshika, anamwambia, "Bibi, wota!" Bibi kaacha kukuna nazi, kamtazama: "Umeota nini mwanangu?" Mtoto anazidi kulia wota, bibi anazidi kumuuliza kaota nini, mwisho kamsomea Kursiy.

#4 Pweza wa Nungwi
Hahaha Shokishoki umeniua. Kursiy kwa kiu!

#5 Maalim Chaki
Nasomesha skuli ya serikali, Mjini Magharibi, mwaka wa 19 huu. Siwatetei wavivu, wapo na nnawajua kwa majina. Ila nakupa hesabu, MamaWaFuoni, kwa kuwa umeanza na hesabu.

Nna madarasa mawili. Moja lina watoto 94, la pili 91. Jumla madaftari 185. Daftari moja ukilisahihisha kwa haki, yaani uone kosa limeanzia wapi, si kupiga vema na kupita, ni dakika moja na nusu. Zidisha. Ni saa nne na nusu na ushei, kila siku, kwa somo moja, kabla sijatayarisha la kesho. Kipindi ni dakika 40.

Kwa hivyo naenda kwa zamu. Jumatatu safu ya dirishani, Jumanne safu ya katikati. Waliobaki wanabadilishana madaftari wanasahihishana, mie naandika majibu ubaoni. Huyo mtoto wa wifi yako pengine amekaa safu ambayo siku yake huwa ni sikukuu, au mwalimu ana mtihani, au amezaa. Mwalimu wa mwanao ana watoto wangapi?

#6 MamaWaFuoni
27.

#7 Maalim Chaki
Dakika arubaini na nusu. Nipe 27 uone wino wangu.

#8 Kikwajuni Juu
Nyinyi watoto mnajadili wino. Sisi tulisoma wakati hakuna hizo skuli za binafsi. Mtoto wa waziri na mtoto wa mchukuzi wa bandarini dawati moja. Mzee Karume alipotangaza elimu bure mwaka 1972, skuli za jumuiya na za dini zikawa za serikali, skuli ya King George ikawa Haile Selassie, na mtu yeyote akaingia. Dawati likivunjika kwenye darasa la mtoto wa waziri, fundi anakuja kesho yake. Zilipofunguliwa tena skuli za binafsi, wale wenye sauti waliondoka na sauti zao. Hapo ndipo pa kutazama. Sasa nani ampigie simu mkurugenzi? Muuza ndizi?

#9 Makavazi
Mzee wangu kwa heshima, tarehe zimekuchanganya. Elimu bure ilitangazwa tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane tu baada ya Mapinduzi. 1972 ndio mwaka aliouawa Mzee Karume, mwezi wa Aprili. Na King George VI ndiyo Lumumba ya leo, si Haile Selassie. Skuli za binafsi zilirudi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mengine uliyosema siwezi kuyapinga.

#10 Kikwajuni Juu
Ahsante mwanangu. Umri. Dawati nalikumbuka vizuri lakini.

#11 Chaki ya Kukopa
Ngoja niseme la upande wa pili, maana nimo ndani yake. Nimemaliza SUZA, chuo kikuu cha taifa hapa Zanzibar, nasomesha skuli ya binafsi wakati nasubiri ajira ya serikali. Sote pale tunasubiri. Tangazo la ajira likitoka, chumba cha walimu kinakuwa kama gati boti ya asubuhi ikiondoka. Serikalini kuna mshahara unaoingia, kuna ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ya uhakika, kuna likizo ya uzazi. Kwetu sisi mshahara wa mwezi wa pili niliupata wa nne. Muhula uliopita darasa la nne wamesomeshwa sayansi na walimu watatu, mmoja baada ya mwengine, kila mmoja akaanza na sehemu za mmea.

Na hiyo kalamu nyekundu, Mama, usinunue kabla hujafungua mfuniko. Kila Ijumaa mkuu wetu anapita kukagua madaftari. Hakagui kama mtoto kajua, anakagua kama ukurasa una wekundu. Tukiona saa tano imefika tunatia vema mbio mbio kama tunapiga mihuri. Na ripoti, tumeambiwa usimpe mtoto chini ya 50, mzazi atamhamisha. Angalia zile vema kwa makini.

#12 Boflo
Kimenuka.

#13 Ummu Wawili
Mimi sikumhamisha wangu kwa ajili ya wino wala Kiingereza. Nimemhamisha kwa ajili ya chuo cha Qur-ani.

Alipokuwa serikalini walikuwa na mikondo miwili. Darasa lake likatupwa mkondo wa mchana. Chuoni kwetu wanaanza saa nane, baada ya adhuhuri, wanatoka alasiri. Saa nane yeye yuko skuli. Ukimpeleka asubuhi, ustadhi wa asubuhi ana watoto wadogo wa alif-be-te tu. Mwanangu alishamaliza juzuu ya Amma, yuko ya Tabaraka, ndani ya miezi sita akawa anachanganya sura za nyuma, Nabaa na Naziat. Nikikaa namsikiliza nalia.

Hii ya binafsi Qur-ani imo kwenye ratiba, saa moja na nusu asubuhi, wakiwa wabichi. Saa tisa yuko nyumbani, dini na dunia zote kamaliza, anacheza. Hesabu zake? Wastani. Sijali sana kusema kweli.

#14 Mwana wa Mtambwe
Nawasoma nnacheka. Nyinyi wa mjini mna jambo la kuchagua. Sisi huku Pemba za binafsi ziko Chake na Wete, ukiwa Mtambwe nauli tu inakushinda, acha ada. Kwa hivyo swali la "ipi bora" huku halina mlango.

Lakini nikupeni kisa. Mwanangu wa kwanza kasoma serikali, darasa lina sakafu ya saruji na mkeka tuliochanga wenyewe. Mwaka wake wa mtihani walimu wakaamua kupiga kambi. Watoto wanalala skuli miezi miwili, wanasoma usiku kwa taa za sola. Sisi wazee tukagawana: huyu analeta muhogo, huyu mchele pishi mbili, wavuvi wanapitisha dagaa au changu wakirudi. Mama watu wanapika kwa zamu. Mke wangu siku zake zilikuwa Jumanne na Alkhamisi. Mwalimu wa hesabu, kijana wa Kengeja, alikuwa analala kwenye meza ya ofisi. Mwanangu kachaguliwa kwenda skuli za michepuo, za waliofaulu vizuri, akaingia Fidel Castro, sasa yuko chuo kikuu mwaka wa pili.

Wa pili naye yuko skuli ile ile, ila mwalimu yule kahamishwa. Kambi haikupigwa. Karafuu zilizaa mwaka ule, darasa likabaki nusu, watoto wako mikarafuuni, na mie nisiseme uongo, wangu alikuwemo. Kafeli. Skuli moja, baba mmoja, mkeka mmoja.

#15 Shokishoki
Mwana wa Mtambwe, hicho kisa kinasema nini sasa? Mwalimu mmoja?

#16 Mwana wa Mtambwe
Ndiyo nakuuliza wewe. Mie nilikuwa nachuma karafuu.

#17 Bwana Chujio
Mnazunguka. Skuli za binafsi zinang'ara matokeo kwa sababu zinachuja. Mwanzo zinafanya mtihani wa kuingia. Halafu kuna ada, hilo nalo ni chujio. Mwisho kuna la tatu ambalo watu hawalisemi. Mpwa wangu alikuwa skuli moja ya sifa, sitoitaja. Baada ya mtihani wa NECTA wa kidato cha pili baba yake akaitwa ofisini, kikombe cha chai, maneno laini: kijana ama arudie, ama mumtafutie pengine "panapomfaa". Kaondoka. Miaka miwili baadaye skuli ile imetundika bango kubwa: hakuna aliyefeli. Kwani wa kufeli walimbakisha?

Skuli ya serikali inapokea mtoto anayekuja, awe mzima, kipofu, kachelewa, baba hana. Halafu tunazilinganisha kama mbio za ngalawa, moja imepakia mawe.

#18 Makavazi
Hoja nzuri, rekebisha kimoja. Mtihani wa kidato cha pili kwa Zanzibar ni wa BMZ, Baraza la Mitihani la Zanzibar, letu wenyewe. NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Taifa, ni kidato cha nne na cha sita, kwa kuwa hilo ni jambo la Muungano.

#19 Bwana Chujio
Sawa, BMZ. Chai aliyokunywa shemegi yangu ni ile ile.

#20 Pweza wa Nungwi
Mie nina la Kiingereza. Nimeishia kidato cha pili, serikali. Leo naongea Kiingereza, Kitaliano na Kijerumani cha kuuzia safari za kutazama pomboo. Sijalipa ada hata senti. Ufukwe ndio ulionisomesha. Mwanangu yuko skuli ya binafsi darasa la tano, mgeni akimuuliza jina anajificha nyuma ya kanga ya mama yake. Laki nne na ishirini muhula.

#21 Shokishoki
Ana haya tu huyo, atasema.

#22 Pweza wa Nungwi
Na anajua kumwambia mama yake anataka chipsi kwa lugha zote.

#23 Mama Urojo
Mie wangu wanne, wote serikali. Naomba msiseme bure. Michango iliondolewa wakati wa Dk. Shein, alhamdulillahi, lakini bure gani hiyo. Nauli ya daladala na konda anayemwambia mwanafunzi asubiri watu wazima wapande. Karatasi za kutoa kopi. Halafu tuisheni, kila mmoja elfu kumi na tano kwa mwezi, wakikaribia mtihani elfu ishirini na tano. Wanne. Nikijumlisha mwaka mzima naona nimemlipia mmoja skuli ya binafsi bila ya kujua.

Na linaloniuma, Maalim Chaki usikasirike. Tuisheni anasomesha mwalimu wao yule yule. Saa nne asubuhi darasani hawaelewi. Saa kumi jioni barazani kwake wanaelewa. Ubao ule ule, mtu yule yule. Kinabadilika nini hapo kati, kama si elfu kumi na tano?

#24 Bwana Chujio
Maalim, mpira uko kwako.

#25 Maalim Chaki
Sikasiriki. Tuisheni yangu ina watoto 30. Rudi juu kwenye hesabu yangu ya mwanzo utaona kinachobadilika.

Lakini umeuliza kwa uchungu na sitaki kukujibu kwa hesabu tu. Ndiyo, wapo wenzetu wanaoacha nusu ya somo makusudi waje walimalizie barazani. Nimewahi kumkuta mmoja, tuligombana mbele ya watoto, nikaonekana mie mbaya. Na mie mwenyewe saa kumi nachangamka zaidi, kwa kuwa wale 30 wamekuja kwa hiari na mimi nimekula. Sijui hiyo unaiita nini.

#26 Boflo
Mama Urojo uko wapi hasa? Nauliza kwa ajili ya elimu.

#27 Mama Urojo
Jang'ombe, karibu na msikiti, kuanzia saa kumi na moja. Bajia za dengu nazisaga mwenyewe. Mwambie muuzaji umetoka kwenye uzi.

#28 Boflo
Muuzaji si ndiye wewe?

#29 Mama Urojo
Ndiyo, uniambie.

#30 Baba Ghorofa
Nami niingie. Sisi tumejengewa moja ya hizi skuli za ghorofa za miaka hii ya Dk. Mwinyi. Nawaambia ni jengo: maabara, maktaba, vyoo vinavyofungika mlango, mkondo mmoja tu wa asubuhi. Darasa la mwanangu walikuwa mia na kitu, sasa 48. Ummu Wawili, kule hata chuo anakiwahi.

Sasa Maalim Chaki, nilisoma hesabu yako nikaenda kufungua daftari lake. Watoto 48. Mara ya mwisho kusahihishwa siku kumi na sita. Je?

#31 Maalim Chaki
Mwalimu huyo ana madarasa mangapi? Kama ni matatu ni 144, tumerudi pale pale.

#32 Baba Ghorofa
Mawili. Nimemuuliza mtoto.

#33 Kikwajuni Juu
Sauti, wanangu, sauti. Nimesema tangu #8.

#34 Chaki ya Kukopa
Au hakuna mkuu wa Ijumaa. Kwetu vema za uongo zipo kwa sababu kuna mtu anakuja kutazama. Kwenu ukweli haupo kwa sababu haji mtu. Sijui kipi kibaya zaidi, nachagua kulala.

#35 MamaWaFuoni
Nimerudi. Siku tatu nilikuwa na msiba, ahsanteni kwa majibu.

Chaki ya Kukopa, umenikosesha usingizi. Nilitoa madaftari yote ya mwanangu tangu muhula uanze, nikakaa na kikokotoo cha simu. Nimekuta vema saba juu ya majibu ya makosa. 6 x 7 = 48, vema. Na pembeni kachorewa nyota! Saini ya mwalimu, na chini yake saini yangu mwenyewe. Mie nimetia saini kwenye 48.

La pili. Nilimweleza wifi kuhusu zile kurasa kumi na moja. Alikuwa hajawahi kukanyaga ofisi ya walimu, anasema anaona haya, yeye hakumaliza skuli, ataongea nini na mwalimu. Mie naitwa kikao kila muhula na nikikosa napigiwa simu. Yeye kapata barua moja mwaka mzima, ya chanjo. Basi Jumatatu nikafuatana naye. Mwalimu ni msichana mdogo, ana watoto 88. Hakujitetea. Kavuta kiti, kamwita mtoto, kamwambia asome 47 na 38 kwa sauti. Mtoto: "Saba na nane kumi na tano, naandika tano." "Na moja iko wapi?" Mtoto kanyamaza, katazama mikono yake, kisha kaandika moja juu ya 4, kidogo sana, kama anaiba. 85. Dakika mbili hazikufika.

Wifi wakati wa kurudi alinunua mabuku mawili mapya na kalamu nyekundu. Anasema atamsahihisha mwenyewe. Nikamuuliza, na majibu? Akasema atakuja Fuoni aangalizie kwa mwanangu.

#36 Bwana Chujio
Asiangalizie kwa huyo wa 48!

#37 Shokishoki
Hahaha. Lakini muulize kwa Kiingereza, 48 anaitamka vizuri.

#38 Ummu Wawili
Pole na msiba dada. Sasa utamhamisha au humhamishi?

#39 MamaWaFuoni
Sijui. Ada ya muhula nishalipa. Na gari ya skuli inampitia mlangoni.

#40 Mwana wa Mtambwe
Maalim Chaki kapotea. Maalim, upo?

#41 Maalim Chaki
Nipo, nasahihisha. Niko daftari la 61, la mtoto kahamia kwangu mwezi uliopita kutoka skuli ya binafsi. Kaandika 6 x 7 = 48. MamaWaFuoni, mwalimu wa mwanao amesomesha wangapi?